Mazungumzo ya Jamaa: Siku Moja kwa Pikipiki Katika Nchi ya Denmark



Mjumbe hauawi, husema wazee wetu. Lakini mjumbe aweza kulemewa na maneno aliyopewa kuyachukua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwezi wa Juni mwaka 2024, nilipokwenda Ulaya kwa kazi, nikapata siku chache za kumtembelea mwana wa dada yangu katika nchi ya Denmark. Mama yake, akaaye Bukavu, alinishika mkono siku ya kuagana, akasema: "Kaka, mwambie mtoto wangu auze pikipiki ile. Mimi nimekwisha kuzika mmoja."

Mmoja huyo ni mumewe. Mwaka 2009 alikufa katika barabara ya bonde la Ruzizi, juu ya pikipiki ya kukodi, kichwa wazi, nyuma ya dereva aliyepakia watu watatu. Mwanawe wakati ule alikuwa bado kijana mdogo. Baadaye vita vilimfukuza mpaka kambi ya wakimbizi huko Uganda, na mwaka 2014 Denmark ikampokea pamoja na wakimbizi wengine wa Kongo. Alipewa makao katika mji wa Vejle, upande wa mashariki wa Jutland, ile rasi kubwa inayopakana na Ujerumani. Huko hufanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama.

Basi mama yake alisikia kwa watu kwamba mwana amenunua pikipiki, wala si ya kuendea kazini, bali ya kutembea tu. Tena kwamba hutembea siku ya Jumapili. Habari hizo mbili, kwake mama, zilikuwa na maana moja: mwana ameacha akili, na ameacha Kanisa.

Nilipofika sikusema neno. Niliwaza, hakimu asiyesikia shauri si hakimu. Jumapili tarehe 23 Juni tulikwenda Misa pamoja. Wakatoliki wa Denmark ni wachache, yapata mtu mmoja katika kila watu mia, na wengi wao ni wageni kama yeye: Wapolandi, Wavietnam, Watamil, Wafilipino. Nilimwona mpwa wangu akisimama mlangoni, akiwagawia watu vitabu vya nyimbo, akiwasalimu wazee kwa majina yao. Hapo nusu ya ujumbe wangu ikaanguka chini. Ikabaki ile nusu nyingine, iliyo nzito zaidi.

Baada ya Misa aliniletea koti nene, glavu, na kofia ngumu ya pili. "Mjomba," akasema, "leo nataka uone mahali ninapokwenda. Tutarudi kabla jua halijatua." Nami nikacheka, kwa kuwa katika nchi ile, mwezi wa Juni, jua hutua baada ya saa nne ya usiku.

Kabla ya kuondoka aliizunguka pikipiki yake, Honda iliyokwisha kutumika miaka mingi, akatazama magurudumu, breki na taa. Huko taa huwashwa hata mchana, ndiyo sheria. Aliniambia jinsi alivyopata ruhusa ya kuendesha: masomo ya darasani, masomo ya barabarani, uwanja wa kujifunza kupinda na kusimama ghafula, uwanja wa utelezi, mafundisho ya kuwasaidia walioumia, na mwisho mtihani. Pesa zilizotumika zilikaribia bei ya pikipiki yenyewe. Kisha akanifunga mkanda wa kofia chini ya kidevu kwa mikono yake, akauvuta mara mbili kuona kama umekaza, akanifundisha: "Mjomba, nikiinama, inama pamoja nami. Usishindane nami, wala usiogope." Tukafanya ishara ya msalaba, tukaenda.

Wengi hudhani Denmark ni tambarare kama meza. Lakini huku mashariki ya Jutland barafu kuu za zamani ziliacha vilima na mabonde. Njia yetu ilipita bonde la Grejsdal, lenye msitu wa miti mirefu ya magome laini ya kijivu. Majani yake mapya huchuja mwanga, hata mtu aonekana kama anapita ndani ya maji ya kijani. Tulipotoka msituni tukakuta mashamba ya shayiri na ngano yakitikiswa na upepo, nyumba za matofali mekundu, na makanisa meupe juu ya vilima. Mitambo mirefu ya upepo, yenye mabawa matatu, iligeuka polepole kila upande. Karibu nusu ya umeme wa nchi hutoka katika upepo.

Penye njia panda niliona mara kwa mara kibao cha rangi ya udongo chenye ua jeupe. Mpwa wangu alinieleza kwamba ndiyo alama ya njia iitwayo Margueritruten, iliyofunguliwa mwaka 1991. Urefu wake wapita kilometa 3,500, nayo huzunguka nchi yote kwa barabara ndogo ndogo, ili msafiri aone yaliyo mazuri na asikimbilie tu barabara kuu. Ua lile ni ua alilolipenda Malkia Margrethe, aliyetawala miaka 52 na kumwachia mwanawe Frederik ufalme mwezi wa Januari mwaka 2024. Nje ya miji, katika barabara hizo, mwendo usipite kilometa 80 kwa saa. Mimi niliyekaa nyuma niliutazama mshale kila wakati, kama mtu aliyetumwa kupeleleza. Haukuvuka 80 hata mara moja.

Mahali pa kwanza tuliposimama ni Jelling, karibu kilometa kumi tu kutoka Vejle. Ni kijiji, lakini Wadenmark hukiheshimu kama mtu aheshimuvyo kitovu chake. Kuna vilima viwili vikubwa vya udongo vilivyojengwa kwa mikono ya watu, katikati yake kanisa jeupe la kale, na mbele ya kanisa mawe mawili yenye maandishi ya zamani yaitwayo runi. Jiwe dogo liliwekwa na Mfalme Gorm kwa ukumbusho wa mkewe Thyra. Jiwe kubwa, lenye uzito wa yapata tani kumi, liliwekwa na mwana wao Harald, karibu na mwaka 965. Upande mmoja amechorwa Kristo, mikono imenyoshwa, naye amezungukwa na matawi yanayojisokota. Picha hiyo imetiwa katika pasipoti za Denmark. Tangu mwaka 1994 mahali hapo pamehesabiwa katika urithi wa dunia, na tangu 2011 mawe yamefunikwa kwa vioo, mvua isiyale.

Maandishi ya Harald yasema kwamba yeye ndiye aliyejipatia Denmark yote na Norway, akawafanya watu wake Wakristo. Lakini, wasomaji wapenzi, hayo siyo anayoyatangulia. Kwanza asema kwamba jiwe limefanywa kwa ajili ya Gorm baba yake na Thyra mama yake. Mfalme mwenye nguvu namna ile, kabla ya kujisifu, awataja wazazi.

Mpwa wangu alisimama mbele ya jiwe kwa muda, kofia mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Hapa ndipo nilipofika siku ya kwanza niliyopata pikipiki. Baba hana jiwe, Mjomba. Waliweka msalaba wa mti. Sijui kama ungalipo."

Nikamjibu: "Ungalipo. Mama yako huupaka rangi upya kila mwaka kabla ya siku ya Marehemu Wote."

Akanitazama. "Hakuniambia," akasema.

"Wewe ulimwuliza?"

Hakujibu. Tukavaa kofia zetu.

Kutoka hapo tulishika njia ya kaskazini, tukapita Tørring, tukafika mahali paitwapo Tinnet Krat, penye vichaka na mbuga. Pale chemchemi mbili zatoka chini ya ardhi, zikiachana kwa mwendo wa dakika chache tu wa mtu mwenye miguu. Moja ndiyo mwanzo wa Gudenå, mto mrefu kuliko yote yenye chanzo na mwisho ndani ya Denmark. Huenda kaskazini na mashariki hata bahari ya upande wa Randers. Ya pili ndiyo Skjern Å. Hiyo huelekea magharibi, upande wa Bahari ya Kaskazini. Katikati yao yapita njia ya kale ya Hærvejen, waliyoishika wafanya biashara na ng'ombe wao, na mahujaji waliotoka Viborg wakielekea kusini, mpaka Roma na Santiago. Sisi watu wa Kivu twajua jambo hili: kwetu pia kuna milima ambayo mvua ikinyesha upande huu huenda katika mto Kongo, na ikinyesha upande ule huenda Nile. Maji ya ardhi moja huagana bila ugomvi. Lakini watoto wa mama mmoja wakiagana, yafaa waulizane habari, kwa kuwa wao si maji.

Njaa ilipoanza kuuma tulikuta kando ya barabara kibanda kidogo cha mbao, mbele ya shamba. Ndani yake mlikuwa na viazi vipya, mitungi ya asali, na vikapu vya matunda mekundu ya stroberi. Bei imeandikwa kwa chaki, na sanduku la bati lenye tundu la kutilia pesa. Mwuzaji hayupo. Nilitazama kushoto na kulia: hakuna mtu, hakuna mbwa.

"Nani anaangalia?" nikauliza.

"Hakuna, Mjomba. Unalipa, unachukua."

Watu wengi hulipa hapo kwa simu siku hizi, lakini simu yake ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme, nami nilikuwa na noti kubwa tu. Sarafu zake zilitosha kikapu kimoja. Sasa niungame mbele yenu. Nilikuwa na njaa, na matunda yalikuwa mazuri, nikasema: "Twaa viwili; utalipa siku nyingine upitapo." Mpwa wangu akatabasamu kwa heshima, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa wake, akasema: "Mjomba, njia hii naipita mara moja kwa mwaka. Tuchukue kimoja, tugawane." Akatia sarafu zake, nikazisikia zikianguka chini ya bati. Mimi niliyetumwa kumhukumu, nikala matunda yangu kimya.

Alasiri tulifika Himmelbjerget. Jina hilo maana yake ni Mlima wa Mbinguni. Msinicheke nikiwaambia urefu wake: meta 147. Maji ya ziwa Kivu yenyewe yako juu mara kumi kuliko kilele hicho! Zamani Wadenmark walidhani ndio mlima mkubwa kuliko yote nchini, hata wapimaji wa karne ya kumi na tisa wakaona vilima vingine vinaupita. Mwaka 2005 wakapima tena, ikajulikana kwamba kilele cha kwanza ni Møllehøj, karibu na Skanderborg, chenye meta 170 na sentimeta 86. Lakini hakuna aliyeondoa jina la Himmelbjerget. Juu yake kuna mnara wa matofali wa meta 25, uliojengwa mwaka 1875 kwa ukumbusho wa Mfalme Frederik wa Saba, aliyeipa nchi katiba ya mwaka 1849. Kwa katiba hiyo Wakatoliki nao walipata tena uhuru wa kusali wazi.

Chini ya mnara tuliwakuta wazee watano wenye pikipiki za kale za Nimbus. Hizo zilitengenezwa Copenhagen tangu mwaka 1919, hata kazi hiyo ikakoma karibu na mwaka 1960. Jeshi na posta walizitumia miaka mingi. Wazee wakamwita mpwa wangu aje aone injini. Njiani pia niliona kwamba kila mwenye pikipiki akikutana na mwenziwe humwinulia mkono wa salamu. Mtu mgeni, mweusi, mfanya kazi wa usiku, apata salamu ishirini kwa siku moja. Nilianza kufahamu.

Tukapanda mnara. Chini yetu ziwa la Julsø lilikuwa limelala kati ya misitu, na mbali kidogo merikebu ndogo nyeupe yenye magurudumu ya kupigia maji ilikuwa ikikata mawimbi. Jina lake Hjejlen. Yasafiri tangu mwaka 1861 kwa injini yake ya mvuke. Mpwa wangu aliegemea ukuta.

"Mjomba, wakati wa baridi hapa kwaingia giza saa kumi ya alasiri. Nikitoka kazini asubuhi, ni giza. Nikiamka kwenda kazini, ni giza. Mwaka wa pili niliugua, wala si mwili. Mganga aliniambia: tafuta kitu kikutoe chumbani. Nikaweka akiba miaka mitatu. Nilipopanda juu hapa mara ya kwanza, nikaona maji haya na vilima hivi, nikasema, hii ni Kivu ndogo. Nililia, Mjomba. Kisha nikashuka, nikala, nikalala vizuri."

"Mama yako ajua hayo?"

"Nimpe mzigo huo pia? Namtumia pesa. Sauti yake ikiwa nzuri, yatosha."

Hapo ndipo nilipotoa ujumbe wangu wote, bila kupunguza neno: uza pikipiki, nimekwisha kuzika mmoja. Alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema: "Akisema tena hivyo baada ya wewe kumweleza, nitaiuza. Yeye ni mama yangu." Sikutegemea jibu hilo, wala sikulifurahia kama nilivyofikiri nitalifurahia.

Tulipokuwa tukirudi tulisimama Øm Kloster, kati ya maziwa mawili. Watawa Wasistersiani walijenga monasteri hapo mwaka 1172, wakapaita mahali pao Kisiwa Kipendwa, wakachimba mifereji ya maji, wakapanda mimea ya dawa, wakawauguza wagonjwa. Baada ya mageuzi ya dini ya mwaka 1536 hawakuruhusiwa kupokea watawa wapya. Mwaka 1560 monasteri ikafungwa, na majengo yakabomolewa, mawe yapelekwe kujengea jumba la mfalme huko Skanderborg. Leo yaonekana misingi tu katika majani, na makaburi yaliyofunuliwa, ambamo wataalamu wamesoma katika mifupa magonjwa ya watu wale na jinsi walivyotibiwa. Tulisali Baba Yetu na Salamu Maria kwa ajili yao, na kwa ajili ya mmoja aliyelala katika bonde la Ruzizi.

Tulifika Vejle jua likiwa bado juu. Ilikuwa mkesha wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na usiku huo Wadenmark huwasha mioto mikubwa pwani na mashambani, huimba, watoto huachwa wakeshe. Tulisimama kando ya ghuba kati ya watu, koti zikinuka moshi. Simu ilikuwa imepata umeme. Nikampigia dada yangu, ingawa kwake ilikuwa usiku.

Nilimweleza yote: Misa, mwendo wa 80, kibanda cha matunda, giza la baridi, mnara. Sikumwambia pikipiki ni kitu salama. Si kweli, hata katika nchi yenye barabara nzuri watu hufa juu yake, na mama aliyeogopa hakukosa. Nilimwambia pia kwamba mwana yu tayari kuiuza, akiamriwa.

Alinyamaza. Nilisikia pumzi yake tu. Kisha akauliza: "Ulipanda nyuma yake?"

"Nilipanda."

"Alikufunga kofia?"

"Alinifunga mwenyewe, dada, hapa kidevuni, akavuta mara mbili."

Akanyamaza tena. "Mpe simu," akasema.

Sikusikiliza maneno yao. Nilikwenda kuutazama moto. Waliongea mpaka mti mkubwa wa katikati ukaanguka katika makaa. Mpwa wangu aliporudi, macho yalikuwa mekundu, labda kwa moshi. Aliniambia masharti ya mama: asipande wakati wa barafu, asipande akiwa ametoka kazini bila kulala, na kila Jumapili, akitoka ampigie, akifika ampigie. "Naye," akasema, "atanitumia picha ya msalaba wa baba."

Wasomaji wapenzi, wengi kati yenu mna mwana au binti aliye mbali: Ulaya, Kanada, au Lubumbashi tu. Siku hizi pesa hufika kwa simu kwa dakika moja, lakini habari za moyo hukaa miaka njiani. Mwana huficha huzuni yake ili asimchoshe mama. Mama huficha rangi anayopaka msalabani ili asimhuzunishe mwana. Na katikati yao hupita maneno ya watu, yasiyofichwa hata kidogo. Mfalme Harald aliwakumbuka wazazi wake kwa jiwe la tani kumi, lakini wao walikuwa wamekwisha kufa. Ninyi ambao mngali nao, msingoje jiwe. Waulizeni leo.

Dada yangu ameniambia kwamba simu ya Jumapili haijakosa hata sasa. Wakati mwingine mwana humpigia kutoka mnarani, huigeuza simu, naye mama hutazama ziwa lile, husema kila mara neno lile lile: "Kumbe ni dogo." Kisha humwuliza kama amekula.